Tanga hadi Pemba: ndege, meli, au kuzunguka kupitia Dar?

Kutoka uwanja wa ndege wa Tanga hadi uwanja wa Pemba, ule ulio karibu na Chake Chake, ni kilomita 84 hivi kwa mstari ulionyooka. Ni pafupi kuliko kwenda Korogwe kwa basi. Ukisimama Raskazone alfajiri ukaelekeza uso panapochomoza jua, Pemba iko mbele yako, macho tu ndiyo hayafiki. Hata hivyo kila mwaka Ramadhani ikikaribia kwisha nakutana na watu stendi ya Kange, wana mabegi, ndoo na watoto, wanapanda basi la Dar es Salaam, na ukiwauliza waendako wanakwambia Pemba. Wanashuka kusini kilomita 350 ili wafike mahali palipo mashariki yao.

Wengine wana sababu zao. Wengi hawana. Waliuliza nauli ya ndege wakashtuka, wakauliza siku ya meli wakaambiwa imeshapita, basi wakakata tiketi ya basi kwa sababu basi lipo kila siku. Nimeoa Wete, na kwa miaka kumi na moja nimevuka kwa njia zote tatu: peke yangu, na watoto wachanga, na wazee wasioweza ngazi, na mizigo ya harusi. Kila mara jamaa akinipigia kuuliza "ndege inachukua muda gani mpaka Pemba?" namjibu dakika 20, kisha namwomba asikate simu, maana hizo dakika 20 peke yake hazimsaidii kuamua.

Dakika za angani

Ndege zinazotua Tanga ni zile ndogo za injini moja, Cessna Caravan, zinazobeba abiria 12 au 13. Njia yetu ya kurukia ni fupi, ndege kubwa haziji. Caravan ikishatulia angani hukata karibu kilomita 300 kwa saa, yaani kilomita tano kila dakika. Gawanya 84 kwa tano unapata dakika 17, ongeza za kupanda na kushuka, jumla ni dakika 20 hadi 25. Hesabu hiyo hiyo inafaa kwa safari nyingine za kutoka kwetu. Unguja ni kilomita 126 hivi, kwa hiyo nusu saa. Dar ni karibu kilomita 200, kwa hiyo kama dakika 45, ikiwa ndege inakwenda moja kwa moja.

Hapo kwenye "moja kwa moja" ndipo pa kuuliza kabla hujalipa. Hizi ndege ndogo zinakwenda kwa vituo kama daladala. Ile inayotoka Dar kuja Tanga mara nyingi hupita Unguja, ikapita Pemba, ndipo ikaja kwetu, na ikirudi hufuata njia hiyo hiyo. Kwa mtu wa Tanga hiyo ni bahati, kwa kuwa Pemba ndiyo inayokuwa kituo cha kwanza. Lakini siku nyingine mpangilio hubadilika kwa kufuata abiria waliopo, ndege ikaanzia Unguja, na wewe uliyehesabu dakika 20 ukakaa zaidi ya saa nzima ukivuka kilomita 126 na nyingine 125 za kupanda tena kaskazini. Swali la kumwuliza wakala ni hili: "Inatua wapi kwanza?" Mwulize hivyo hivyo, usiridhike na saa ya kuondoka.

Na hiyo saa ya kuondoka yenyewe isome vizuri. Mwaka juzi shangazi yangu alikatiwa tiketi iliyoandikwa 09:00. Kijana wa nyumbani akaisoma saa tisa, naye shangazi akatulia zake, akapika, akaswali adhuhuri, akafika uwanjani saa nane mchana amevaa baibui jipya. Ndege ilikuwa imeondoka saa tatu asubuhi. Hakuna aliyemdanganya. Tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, na kati ya hizo hesabu mbili kuna saa sita. Tangu siku ile nikimkatia mzee tiketi naandika kwa kalamu juu ya karatasi, kwa maneno: saa tatu asubuhi.

Uwanja wa Tanga uko mjini, bajaji inakufikisha kabla hujamaliza kuongea na dereva. Fika saa moja kabla. Utapimwa wewe na begi lako pia, usione vibaya. Kwenye ndege ya watu 12 uzito wa kila mmoja unaamua nani akae wapi. Begi linaloruhusiwa kwa kawaida ni kilo 15 pamoja na la mkononi, na wanapenda begi laini kuliko sanduku gumu, kwa sababu mzigo unaingia kwenye tumbo la chini la ndege ambalo ni jembamba.

Ukipata dirisha, usilale. Mwanzo unaona mikoko na vile visiwa vyetu, Toten mbele ya bandari, Ulenge na mnara wake. Kisha rangi ya maji inabadilika ghafla. Ule ukijani wa maji mafupi unakatika kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi, chini kunakuwa buluu nzito inayokaribia weusi. Huo ndio mkondo wa Pemba, kina chake kinapita mita 700. Unguja imekaa juu ya maji mafupi, kama kipande cha bara kilichoachwa nyuma. Pemba ina shimo kati yake na sisi. Kwenye kingo zake ndiko wavuvi wetu walikoanza kuvua silikanti mwanzoni mwa miaka ya 2000, yule samaki ambaye wataalamu waliwahi kudhani ametoweka pamoja na mijusi wakubwa wa kale. Dakika chache baadaye unaiona Misali, pete nyeupe ya mchanga, halafu vilima vya Pemba na mikarafuu imejipanga mpaka ukingoni.

Ukishuka, uko kilomita chache kutoka Chake Chake, hujafika Wete wala Mkoani. Kila mmoja wa miji hiyo ni kilomita 30 hivi kutoka Chake, Wete kaskazini na Mkoani kusini. Kuna teksi, na kuna gari za abiria: 606 ni ya Wete, 603 ni ya Mkoani. Kwa hiyo mtu anayetoka nyumbani Ngamiani saa mbili asubuhi, ndege yake ikiwa saa nne, anakula chakula cha mchana Wete. Saa nne mpaka tano kutoka mlango hadi mlango. Kwa mgonjwa, kwa mzee, kwa mwenye msiba, sijaona njia ya kuikaribia hii.

Nauli ndiyo kizuizi, ni mara kadhaa ya nauli ya meli, na familia ya watu watano inaihisi sana. Kizuizi kingine ni mvua. Wakati wa masika, mawingu yakishuka, ndege inasubiri, na ikisubiri Unguja wewe wa Tanga unasubiri zaidi kwa sababu uko mwisho wa mstari. Mwezi Aprili usiifungamanishe ndege ya asubuhi na shughuli ya mchana wa siku hiyo hiyo.

Meli: njia ya watu wenye mizigo

Kwa maji ni maili 37 hivi za baharini kutoka bandari ya Tanga hadi Pemba, kama kilomita 69. Meli ya abiria na magari inayokwenda maili 12 kwa saa inahitaji saa tatu kwenye maji wazi, na ukijumlisha kutoka ghubani, kuingia kati ya visiwa vya upande wa pili na kufunga kamba, hesabu saa nne. Linganisha na saa nne hadi tano za ndege kutoka mlango hadi mlango. Ndiyo maana nasema dakika 20 zinapotosha: mtu wa Wete akishushwa gatini Wete, meli na ndege zinakaribiana kuliko mtu anavyofikiri, hasa ukikumbuka kuwa abiria wa meli haondoki gatini kutafuta gari la kilomita 30.

Kwa hiyo jambo la kuuliza kwanza kwenye meli ni bandari. Ziko safari za kushukia Wete na ziko za Mkoani. Mtu wa Konde akishushwa Mkoani atavuka kisiwa kizima kwenda kaskazini na watoto wamechoka. La pili ni siku. Meli ya Tanga na Pemba haiendi kila siku, na ratiba hubadilika, wakati mwingine kwa sababu chombo kimepelekwa njia nyingine yenye watu wengi au kimeingia matengenezo. Ratiba uliyopewa na jirani mwaka jana haina maana leo. Piga simu au nenda ofisi ya tiketi bandarini siku mbili kabla, kisha piga tena asubuhi ya safari.

Sasa uzuri wake. Kwenye meli unabeba. Nimevuka na magunia ya machungwa ya Muheza, kitanda cha mbao, cherehani, pikipiki, na safari moja na sufuria za harusi za shemeji yangu zilizofungwa kwa kamba ya katani, zile kubwa za kupikia pilau ya watu mia tatu. Hakuna ndege ndogo itakayokubali hata kifuniko cha mojawapo. Hatukulipa nauli ya kuogopesha, na tulifika nazo nzima, na wanawake wa Wete walizipokea gatini kwa vigelegele kabla hata hawajatuamkia sisi. Mwenye biashara ndogo, mwenye kuhama, mwenye kupeleka mahari, huyu hana haja ya kusoma sehemu ya ndege. (Ukirudi, usikubali kubebeshwa gunia la karafuu na mtu. Karafuu ya Pemba mnunuzi wake ni shirika la serikali ya Zanzibar, ZSTC, na kuivusha kimagendo kunakupeleka mahakamani.)

Na sasa ugumu wake, ambao ni bahari yenyewe. Meli ya Unguja kwenda Pemba inakwenda kaskazini, hivyo kusi ikivuma mawimbi yanaisukuma kwa nyuma. Sisi tunakwenda mashariki. Kusi inatupiga ubavuni. Kuanzia mwezi Mei mpaka Agosti, ukishaiacha ghuba ya Tanga na kuingia kwenye ule mkondo wenye kina, meli inaanza kulala upande huu na upande ule, polepole, bila kukatiza, na mkondo wa maji nao unasukuma kaskazini mwaka mzima. Nimemwona baba mtu mzima, mvuvi wa zamani, amekaa chini ameshika nguzo amefumba macho. Kigegezi hakichagui. Kula kidogo kabla ya kupanda, tafuna tangawizi, kaa katikati ya meli karibu na usawa wa maji, tazama mbali, usitazame simu. Watoto walaze mapema. Kaskazi inapovuma, Desemba hadi Machi, kwa kawaida bahari ni nafuu, na katikati ya misimu hiyo miwili, wakati wa maleleji, kuna siku mkondo unalala kama mafuta, wakapita pomboo pembeni na hakuna mtu anayetaka safari iishe.

Sikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka nyumbani. Wakisema upepo mkali na mawimbi makubwa pwani ya Tanga, Unguja na Pemba, ahirisha. Nasema hili kwa uzito. Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikienda Pemba, ilikuwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia hawakurudi majumbani mwao. Pemba kuna nyumba zilizobaki na mtu mmoja. Januari 2017 chombo kilichotoka huku kwetu Tanga kwenda Pemba kilipinduka, watu 12 wakafa. Kwa hiyo yule kijana anayekufuata pwani akikwambia kuna jahazi linaondoka usiku huu na nauli yake ni nusu, mshukuru na uondoke. Jahazi la mizigo halina maboya ya kuwatosha abiria wala orodha ya majina. Ukikosa meli leo, lala, utavuka siku nyingine.

Kuzunguka kupitia Dar na Unguja

Hii sitaikalia sana. Basi la Tanga kwenda Dar, kupitia Segera na Chalinze, ni kilomita 350 hivi, saa sita siku nzuri. Unashushwa kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Kutoka hapo hadi bandarini mjini ni safari nyingine, na foleni ikikukamata unaongeza saa moja na nusu. Boti ya Unguja ni kama saa mbili. Kisha unatafuta meli ya Pemba, na mara nyingi unalala Unguja, kwa ndugu kama unaye, kwa kulipia kama huna. Kutoka Unguja mjini hadi Mkoani ni kilomita 100 nyingine za maji. Jumla umekwenda zaidi ya kilomita 500.

Nauli tatu, chakula cha njia nzima, na pengine kitanda cha usiku mmoja. Nilikaa siku moja na shemeji yangu tukazijumlisha risiti zake alizokuwa amezihifadhi kwenye pochi: basi, bajaji, boti, chakula, malazi, meli. Alinyamaza muda mrefu. Ilikuwa imemgharimu zaidi sana ya meli ya Tanga, na pengo kati ya jumla ile na tiketi ya ndege halikuwa kubwa kama alivyoamini alipokuwa anaikimbia ndege.

Njia hii inafaa katika hali mbili. Ya kwanza, una shughuli Dar au Unguja, hospitali, ofisi, kumwona mtu, na ungepita huko hata hivyo. Ya pili, umekosa meli, ndege imejaa, na mazishi hayakusubiri. Hapo panda basi la kwanza, na ukifika Dar angalia ndege ya kwenda Pemba moja kwa moja kabla ya kukimbilia boti. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 190 hivi, inakuokolea usiku mzima.

Nani apande nini

Mzee mwenye magoti mabovu: ndege, lakini mpigie wakala mapema. Caravan ina ngazi fupi za mlango wa nyuma, vidaraja vinne au vitano vyembamba, na ndani huwezi kusimama wima. Mama mkwe alipandishwa na watu wawili, mmoja juu na mmoja chini, na alipoketi alisema ni afadhali kuliko ngazi za meli, ambazo zinatikisika na watu nyuma wanasukuma. Nakubaliana naye.

Mjamzito aliyekaribia kujifungua asikate tiketi yoyote kabla ya kuongea na daktari. Ndege zina masharti yao ya miezi, na meli katikati ya mkondo si mahali pa kupatwa uchungu. Mgonjwa anayehamishwa kutoka Pemba kuja hospitali ya Bombo hapa Tanga, familia ikiweza, ni ndege.

Familia yenye watoto watatu wanaokwenda likizo ya Desemba: meli, bila kusita. Bahari ni tulivu zaidi, watoto wanatembea, wanakula vitumbua walivyofungiwa na bibi yao, na fedha iliyobaki inawatosha huko waendako. Familia ile ile mwezi Julai, mimi ningesubiri siku ambayo upepo umepungua kuliko kuwang'ang'aniza watoto kwenye mawimbi ya ubavuni. Kama haiwezekani kusubiri, mama na mtoto mchanga wapande ndege, baba na wakubwa waende na meli na mizigo. Tumefanya hivyo mara mbili na imefaa.

Mfanyakazi mwenye siku mbili za ruhusa: ndege kwenda na kurudi, ama asiende. Meli isiyokuwa ya kila siku itamchelewesha kazini.

Mgeni asiye raia wa Tanzania abebe pasipoti hata kama haendi nje ya nchi, kwa sababu ataulizwa akiingia Zanzibar, na tangu Oktoba 2024 anatakiwa awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44. Raia atosheke na kitambulisho, ila asikisahau. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye kitambulisho, hata kama mtaani wote wanakuita kwa jina jingine.

Wiki ya Idi na wiki ya mwisho ya shule, chochote utakachochagua, kata tiketi wiki tatu kabla. Ndege yenye viti 12 ikijaa, imejaa.

Mwezi ujao shangazi anavuka tena, mjukuu wake anaolewa Wete. Nimemkatia ndege ya kwenda, Jumatano, na nimeuliza: inatua Pemba kwanza. Kurudi nimemkatia meli, kwa kuwa namjua, atarudi na nazi, mkungu wa ndizi na ndoo mbili za halua, na kilo 15 hazitamtosha hata kwa ndoo moja. Tiketi zote mbili ziko kwenye mkoba wake. Juu ya ile ya ndege nimeandika kwa herufi kubwa: SAA NNE ASUBUHI.